Sonona Isiyo na Machozi

Nikiulizwa habari nilikuwa najibu nzuri, na sikuwa nadanganya. Hakukuwa na kitu kilichokuwa kinauma. Nilikuwa naamka, naoga, nakwenda kazini, napokea simu zikiita, na nacheka wenzangu wanapocheka kwa kuwa nilijua hapo ndipo pa kuchekea. Nikirudi nyumbani nakaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni mpaka giza linaingia, taa haijawashwa. Ungeniuliza unawaza nini ningekujibu siwazi kitu, na huo ungekuwa ukweli mtupu.

Tukisikia neno sonona, wengi wetu tunamwona mtu aliyejifungia chumbani analia. Ipo ya namna hiyo na ni nzito, sitaki kuipunguza hata kidogo. Ila ipo na nyingine isiyo na kilio. Mtu hahuzuniki wala hafurahi. Chakula anakula ili tumbo linyamaze, muziki kwake ni kelele, watoto wa ndugu zake wanamrukia akiingia mlangoni naye anawapapasa vichwa kwa sababu ndivyo inavyopasa. Kwamba anawapenda anajua, lakini kifuani upendo wenyewe hausikii. Huyu ndiye ninayemwandikia leo, maana ni rahisi sana kupitwa. Waliomzunguka wanamwona mtulivu. Yeye mwenyewe anajiona mvivu, au anadhani amekua tu na utu uzima ndivyo ulivyo.

Mimi nilizinduliwa na msiba. Dada yangu alinipigia simu asubuhi kunipa taarifa kwamba shangazi yetu amefariki. Shangazi huyu ndiye aliyenilea sehemu kubwa ya utoto wangu. Mama alipokuwa anaumwa, nguo zangu za shule zilikuwa zinafuliwa na mikono yake. Nilimsikiliza dada mpaka mwisho, nikamuuliza mazishi ni lini, nikaandika tarehe kwenye kikaratasi. Kisha nikarudi kwenye shati nililokuwa nalipiga pasi. Ile kola naikumbuka vizuri kuliko ninavyoikumbuka sauti ya dada. Niliinyoosha upande wa ndani, nikaigeuza, nikaanza mkono wa kulia, na hapo katikati nikajiambia: shangazi amekufa. Nikangoja. Hakikuja kitu. Nikasema tena, safari hii kwa sauti, peke yangu chumbani. Hakikuja kitu. Nikamalizia mkono wa kushoto.

Msibani watu walinisifu kwa kujikaza. Mzee mmoja alinishika bega akasema huo ndio uanaume. Aliyekataa kunisifu ni dada. Kabla hatujaagana alinivuta pembeni akaniambia, "Hapa hujajikaza, kaka. Wewe umeondoka. Umeondoka tangu mwaka jana, na mimi nimechoka kungoja urudi mwenyewe." Wiki iliyofuata alinipeleka hospitali. Sikuwa na nguvu za kubishana naye, na leo namshukuru kwamba hakungoja nikubali kwa moyo, kwa sababu huo moyo wa kukubali ndio hasa uliokuwa haupo.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole, hana haraka. Hakuniuliza kama nina huzuni. Aliniuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho kufurahia kitu ilikuwa lini?" Nikaanza kutafuta jibu. Nilitafuta kwa muda mrefu mpaka dada, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akaangalia chini.

Alinipa fomu ya maswali 9. Inaitwa PHQ-9, ilichapishwa mwaka 2001 na siku hizi inatumika sehemu nyingi duniani. Kila swali linahusu wiki 2 zilizopita, na unajipa alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, mpaka 3, yaani karibu kila siku. Jumla kubwa kabisa ni 27. Swali la kwanza kwenye orodha linauliza kama umekosa hamu au raha ya kufanya mambo. Huzuni inaulizwa kwenye swali la pili. Daktari alinieleza kwamba hata mwongozo wa DSM-5, ule wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, unataka dalili 5 kati ya 9 zilizodumu angalau wiki 2, na mojawapo lazima iwe huzuni au kupotelewa na hamu. Mojawapo inatosha. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na sonona kamili, ya kutibiwa, bila kudondosha chozi. Hali hiyo ya kutofurahia chochote madaktari wanaiita anhedonia, na aliyeipa jina hilo ni Théodule Ribot, mwanasaikolojia wa Ufaransa, mwaka 1896. Siwezi kueleza vizuri kwa nini mwaka huo ulinifariji. Nadhani ni kule kujua kwamba zaidi ya karne moja iliyopita kuna mtu aliwatambua watu kama mimi, akaandika.

Swali la 9 linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Hapo nilisita, na nataka nipazungumzie kwa uwazi kwa sababu mtu aliyekufa ganzi anaweza kuliruka. Sikuwa natamani kufa. Ila nikivuka barabara nilikuwa sigeuki kutazama magari kwa makini kama zamani, na jambo hilo lilikuwa halinishtui. Nilimwambia daktari hivyo hivyo. Aliweka kalamu chini, akaniuliza maswali mengine kadhaa bila kuzungukazunguka: umewahi kupanga, una kitu nyumbani, unaishi na nani. Kuulizwa vile hakukunitia wazo baya lolote kichwani. Kulinipunguzia mzigo. Kama wewe unayesoma umefika mahali ambapo kuishi na kufa unaona ni mamoja, hilo ni jambo la kumwambia mtu leo, kabla ya kulala: daktari, ndugu, rafiki, yeyote atakayekaa na wewe mpaka upate huduma. Na kama tayari una mpango, nenda sehemu ya dharura ya hospitali, usiende peke yako.

Kabla ya dawa yoyote alinitoa damu. Watu wengi hawajui kwamba tezi ya thairoidi ikizembea kazi inaweza kumfanya mtu awe mchovu, mzito, asiye na hamu, akafanana kabisa na mwenye sonona. Upungufu wa damu nao, na upungufu wa vitamini B12, vilevile baadhi ya dawa za magonjwa mengine. Akaniuliza pia kama nimewahi kupitia kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, kulala saa chache na kujiona naweza kila kitu, maana mwenye hali hiyo ya kupanda na kushuka akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kurushwa juu zaidi. Daktari anayeandika dawa bila kuuliza hayo, mwulize wewe.

Majibu ya damu yalikuwa safi. Nikaanza sertralini, dawa ya sonona, dozi ndogo kwanza.

Kuhusu dawa nimesikia mengi kutoka kwa watu wanaonipenda: utakuwa zezeta, utashindwa kuziacha, ni za vichaa. Nimesikia na upande wa pili, wa wanaodhani ni kidonge cha furaha. Nilichokutana nacho mimi hakikufanana na hata kimoja. Wiki za mwanzo nilipata maudhi tu: kichefuchefu, mdomo mkavu, usingizi wa vipande vipande. Faida bado. Ndivyo dawa hizi zilivyo kwa wengi, maudhi yanatangulia na nafuu inakuja baada ya wiki kadhaa, kwa kawaida kati ya 2 na 6, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kuziacha. Vijana walio chini ya miaka 25 wanatakiwa kuangaliwa kwa karibu zaidi kipindi hicho, kwa sababu kwa baadhi yao mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilianza kuweka onyo la aina hiyo kwenye dawa hizi mwaka 2004. Na si lazima dawa ya kwanza ikukubali. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kama STAR*D, matokeo yake yakitoka mwaka 2006, waliopona dalili kwa dawa ya kwanza walikuwa kama theluthi moja tu. Waliobaki walihitaji kubadilishiwa au kuongezewa kitu. Nilipoambiwa hivyo mapema, nilikaa nikijua kwamba dawa kushindwa si mwisho wa tiba.

Dalili ya kwanza kwamba kitu kinabadilika sikuiona mimi. Dada alisema kwenye simu, "Leo umeniuliza swali." Nilikuwa nimemuuliza goti lake linaendeleaje.

Kuna jambo moja kuhusu dawa ambalo naona linafichwa, na kufichwa kwake kunawaumiza watu. Dawa hizi zenyewe zinaweza kufifisha hisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wagonjwa zaidi ya 600 wanaotumia dawa za sonona, na karibu nusu, asilimia 46, walisema hisia zao zimepoa: huzuni imepungua, lakini na furaha imepungua. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge na wenzao wa Copenhagen walichapisha matokeo ya kuwapa watu wazima wenye afya dawa ya sonona iitwayo esitalopramu kwa wiki kadhaa. Waligundua kwamba watu wale waliendelea kuwa makini na kukumbuka mambo, ila uwezo wao wa kujifunza kutokana na kupata na kukosa ulipungua makali. Kile kinachomwambia mtu hiki kizuri, rudia, kilikuwa kimefifia.

Sasa fikiria mtu aliyekwenda hospitali kwa sababu hasikii kitu, akapewa dawa inayoweza kufifisha kusikia. Atajuaje kipi ni ugonjwa na kipi ni dawa? Mimi nilimpelekea daktari swali hilo hilo. Alinijibu kwamba tuangalie mwendo: kama usingizi, nguvu na umakini vimerudi lakini furaha imebaki imelala, au kama ganzi iliongezeka dozi ilipopandishwa, tuishuku dawa, kama vyote viko chini, tuushuku ugonjwa. Kwangu dozi ilikuwa imepandishwa muda si mrefu. Tukaishusha hatua moja, taratibu, na ile hali ya kuishi nyuma ya kioo ikapungua. Wengine hubadilishiwa dawa ya kundi jingine, kama bupropioni, ambayo haipiti kwenye serotonini, ile kemikali ya ubongo inayoguswa na dawa kama yangu. Wengine hubaki na ile ile kwa sababu faida inazidi. Ni mazungumzo ya kufanya na daktari, na ninasisitiza daktari, kwa sababu kuziacha ghafla kuna adha yake: kizunguzungu, hasira za ghafla, ndoto kali, na mishtuko ya ajabu kichwani kama ya umeme. Hushushwa kidogo kidogo, mara nyingine kwa miezi.

Dawa ilininyanyua kutoka kitandani. Kunirudishia ladha ya maisha ilikuwa kazi ya mambo mengine, na hapa ndipo ningependa nikae kidogo.

Nilipangiwa mwanasaikolojia, binti mdogo kwangu kiumri. Nilidhani tutazungumzia utoto wangu. Alinipa daftari. Kila saa moja ya mchana niandike nimefanya nini, na mbele yake niweke namba mbili kuanzia 0 mpaka 10: moja ya raha niliyopata, nyingine ya kuona nimekamilisha kitu. Basi. Wiki ya kwanza nilimpelekea ukurasa uliojaa 5, kwa sababu 5 ilionekana ni namba ya heshima. Aliutazama akasema, "Kaka, usiniandikie ulichopaswa kuhisi. Niandikie ulichohisi, hata kama ni sifuri kurasa zote." Wiki ya pili zikawa sifuri kurasa zote. Hakushtuka.

Kisha akaongeza safu moja. Kabla ya kufanya jambo niandike nategemea raha kiasi gani, halafu nikimaliza niandike niliyopata. Rafiki yangu wa siku nyingi alikuwa ananialika mara kwa mara kutembea naye jioni nami nakwepa. Niliandika: kutembea na rafiki, nategemea 0. Nilikwenda kwa shingo upande. Njiani alinisimulia jinsi mwanawe alivyomdanganya mwalimu, kwa undani, akiigiza sauti zote mbili. Niliporudi nilifungua daftari, nikakaa na kalamu. Nilitaka kuandika 0. Lakini ilikuwa 2. Nilihakikisha, nikarudia kuiwaza ile hadithi, bado 2. Nikaiandika.

Ile 2 mimi naiona ni kubwa kuliko mambo mengi makubwa yaliyonitokea. Yule binti alipoiona aligeuza daftari kwangu akanionyesha kidole: 0 hapa, 2 pale. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Karibu kila mara nilichotegemea kilikuwa chini ya nilichopata. Kumbe kilichoharibika zaidi kwangu ni hamu, ile nguvu ya kukitaka kitu kabla hujakifikia. Kufurahia kwenyewe kulikuwa bado kupo, hafifu, kunangoja nifike.

Mtafiti Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walilionyesha jambo linalokaribiana na hilo kwa panya. Waliwaondolea karibu dopamini yote, kemikali mojawapo ya ubongo, kwenye njia fulani za ubongo huo. Panya wale hawakukifuata chakula, wangeweza kufa njaa na chakula kiko mbele yao. Lakini wakiwekewa sukari ulimini, nyuso zao zilionyesha kuipenda kama kawaida. Kutaka na kupenda vina njia mbili tofauti kichwani. Binadamu si panya na sonona si dopamini peke yake, wala yale maelezo ya kwamba ni "kemikali imepungua" hayatoshelezi; ubongo una mambo mengi zaidi ya hayo. Hata hivyo nilipojifunza habari hiyo nililielewa daftari langu. Ningekaa kitandani kungoja hamu inirudie ndipo nitoke, ningengoja sana.

Tiba hii ya daftari, ya kupanga na kutenda bila kungoja hamu, ina historia. Mwanasaikolojia wa Marekani Peter Lewinsohn ndiye aliyeweka msingi wake miaka ya 1970, akisema mtu mwenye sonona amekatika kutoka kwenye mambo yanayompa malipo ya moyo, naye kadiri anavyojitenga ndivyo malipo yanavyozidi kukauka. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliohusisha watu wazima 440 wenye sonona. Nusu walipata tiba ya kubadili fikra na tabia kutoka kwa wataalamu waliobobea, nusu wakapata tiba hii ya kupanga na kutenda kutoka kwa wahudumu wa ngazi ya chini waliofunzwa kwa muda mfupi. Baada ya mwaka mmoja hawakupishana. Kwangu hiyo ni habari kubwa sana kwa sehemu zote ambazo wataalamu ni wachache, kwa sababu ina maana kwamba msaada wa kweli unaweza kutolewa na watu wengi zaidi kuliko tunavyoruhusu.

Kutenda huko kuna kanuni ambayo wanaotushauri huisahau. Lazima jambo liwe dogo kiasi cha kuonekana halina maana. Ukimwambia mtu asiyeweza kuoga kwamba aanze kukimbia asubuhi, umemwongezea kitu kingine cha kushindwa. Mimi nilianza kwa kuvaa viatu na kusimama nje ya mlango. Nikisimama pale nina ruhusa ya kurudi ndani. Siku nyingine nilirudi. Siku nyingine, kwa kuwa tayari nilikuwa nje, nilifika mwisho wa mtaa.

Na mwili ukishaanza kwenda, unasaidia kweli. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliwagawa watu 156 wenye sonona, wote wa miaka 50 na kuendelea: wengine mazoezi, wengine sertralini, wengine vyote viwili. Dawa ilitangulia kuleta nafuu, lakini baada ya wiki 16 makundi yalikuwa yamekaribiana. Mwaka 2024 jarida la BMJ lilichapisha mapitio ya majaribio 218, na kutembea au kukimbia polepole, yoga na mazoezi ya kunyanyua uzito vilitoka mbele. Kutembea kumo. Sikutarajia hilo, nilidhani lazima mtu atoke jasho la kulowesha shati. Hata hivyo simwambii mtu aache dawa akatembee. Mimi nisingefika mlangoni bila dawa.

Usingizi ulinisumbua kwa namna mbili, mara naamka saa tisa usiku nikiwa macho makavu, mara nalala mpaka adhuhuri siku za mapumziko. Kilichosaidia ni saa moja tu isiyobadilika: ya kuamka. Ya kulala sikuigusa. Nikiamka natoka kwenye mwanga wa jua mapema, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoiwekea saa ya mwili majira yake. Pombe niliiweka kando kabisa. Inapooza mfumo wa fahamu na kuvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, na mimi kupoozwa nilikuwa nimetosheka. Simu niliitoa chumbani. Kule kupeperusha video moja baada ya nyingine sikuwa nakufurahia hata kidogo, nilijua kwa kuwa daftari lilisema 0 na kukamilisha 0, kila usiku.

Hisia zilipoanza kurudi, hazikurudi na furaha mbele. Kwangu ilitangulia hasira. Mtu alihamisha kiti changu kazini nikaghadhibika kupita kiasi, mikono ikawa inatetemeka, nikaenda kwa mwanasaikolojia kama anayeshtaki ugonjwa mpya. Yeye alifurahi waziwazi. Nimezungumza na wengine tangu hapo na wengi wanasema hivyo hivyo: kwanza huja uchungu, kuudhika, machozi yasiyo na mpangilio, na mtu anadhani anazidiwa, anakimbilia kuongeza dozi au kuacha kila kitu. Kama ndipo ulipo, mwambie anayekutibu kabla hujaamua. Huenda ni ganzi inayoachia, na mguu ulioachiwa ganzi huwaka kwanza. Shangazi nilimlilia kipindi hicho, kwa siku kadhaa, na sikutaka mtu aninyamazishe.

Kwa mliokaa na mtu wa namna hii, nawaomba jambo. Msimuulize anajisikiaje. Hajui, na swali hilo linamkumbusha kwamba hajui. Dada yangu alikuwa ananiuliza mambo yenye majibu: umeamka saa ngapi, umekula, dawa umemeza? Akisema, "Nakuja, tutatoka," alikuwa anakuja kweli. Msimwambie wenzake wana matatizo makubwa zaidi. Anajua, na hilo huligeuza kuwa kiboko cha kujichapia. Msimwambie ni upungufu wa imani. Nilikuwa nasali kipindi chote kile bila kusikia chochote, na kusali bila kusikia chochote si kazi ya mtu asiye na imani. Kama hamna la kusema, kaeni naye tu mkifanya shughuli zenu. Mimi nilikuwa nasikia sauti ya dada akipanga vyombo jikoni, na ingawa haikunifurahisha, nilijua kwamba yupo.

Bado natumia dawa. Nafuu ilipotulia nilitaka kuziacha, daktari akanishauri niendelee angalau miezi 6 mingine baada ya kujisikia mzima, kwa sababu wanaoacha mapema hurudiwa zaidi. Sasa tumeanza kuzungumzia kushusha. Daftari silijazi tena kila saa, nalifungua wiki ninapohisi mambo yanateleza. Na tumeandikiana karatasi na dada, nakala moja anayo yeye, ya dalili zangu za mwanzo, zile zinazotangulia kabla mimi mwenyewe sijaziona: nikiacha simu zake ziite mpaka zikatike, nikianza kujibu kila kitu kwa neno moja, nikikaa gizani na viatu, nikikoma kumuuliza habari za goti. Akiziona mbili kwa pamoja ana ruhusa yangu kumpigia daktari bila kuniuliza. Sahihi yangu iko chini.